Nukleosidi, paladi na shaba ndani ya maji: mmenyuko ukigoma, uanzie wapi

Kuiambatishia nukleosidi (besi ya DNA au RNA iliyoungana na sukari) kundi jipya ndani ya maji, kwa msaada wa paladi au shaba, kunamwondolea mkemia kazi ya kuvifunika vikundi vya haidroksili vya sukari na kuvifunua tena mwishoni. Mwaka 1990 Casalnuovo na Calabrese walionyesha kwamba fosfini (molekuli yenye fosforasi inayoishika metali) yenye salfoneti inaweza kuibeba paladi ndani ya maji mpaka kwenye nukleosidi na nukleotidi zisizofunikwa. Mwaka 2003 kundi la Kevin Shaughnessy huko Alabama likatumia asetati ya paladi na TPPTS, fosfini yenye pete tatu za fenili na salfoneti kwenye kila pete, kuziunganisha nukleosidi zenye halojeni na asidi za boroniki, molekuli zenye boroni zinazotoa kundi jipya. Kanuni haijabadilika sana tangu hapo: nukleosidi yenye bromini au iodini, asidi ya boroniki iliyozidi kidogo, kaboneti ya sodiamu, maji na asetonitraili, joto la nyuzi 80 hivi.

Kanuni ni fupi, lakini njia zake za kugoma ni nyingi, na mara nyingi mtu hukimbilia kuagiza ligandi mpya (molekuli ya kuishika metali) kabla hajajua kilichotokea kwenye chupa. Msimamo wangu ni huu: karibu kila hitilafu hapa inatokana na swali la nani ameishika metali. Fosfini inaitaka. Oksijeni inaimaliza fosfini. Na nukleosidi yenyewe, hasa yenye guanini, ni ligandi kamili yenye naitrojeni kadhaa zinazoipenda paladi na shaba. Tafuta kwanza nani ameshinda, ndipo ubadilishe kitu, tena kimoja kwa wakati.

Kabla ya yote: hesabu kilichomo

Chukua mikrolita 20 za mchanganyiko, zimiminie kwenye nusu mililita ya maji na methanoli, chuja, kisha pitisha kwenye HPLC, mashine inayotenganisha viambato kwenye safu, yenye spektromita ya tungamo. Usisubiri saa ishirini na nne. Chukua kabla ya kupasha joto, kisha baada ya nusu saa, kisha baada ya saa mbili.

Tuseme unaunganisha 8-bromo-deoksiguanosini na asidi ya fenilboroniki. Kianzio kinaonekana kwenye 346 na 348 (uzito wa molekuli pamoja na protoni moja), vilele viwili vinavyokaribiana kimo kwa sababu ya isotopu mbili za bromini. Zao linaonekana kwenye 344. Deoksiguanosini iliyopoteza bromini bila kupata kitu iko kwenye 268. Ukikuta 284, bromini imeng'olewa na haidroksidi na umepata 8-okso. Fenilguanini isiyo na sukari iko kwenye 228.

Hapo kwenye 228 pana mtego. Deoksinukleosidi hupoteza sukari yake, uzito wa 116, ndani ya spektromita yenyewe, hata kama ilikuwa nzima ndani ya chupa (nukleosidi ya ribosi hupoteza 132). Kwa hiyo 228 peke yake haithibitishi kwamba sukari imekatika. Angalia muda wa kutoka kwenye safu: 228 ikitoka sambamba na 344, imezaliwa ndani ya mashine. Ikiwa na kilele chake peke yake, kwa muda tofauti, basi sukari imekatika kweli.

Mtego wa pili ni wa mwanga. Wengi wanapima kwenye nanomita 260 kwa mazoea, lakini 5-iodo-deoksiuridini inafyonza zaidi karibu na 288, na deoksiuridini tupu karibu na 262. Ukilinganisha maeneo ya vilele kwenye 260, kianzio kilichobaki kitaonekana kidogo kuliko kilivyo na utadhani mmenyuko umekwenda mbali. Tengeneza mstari wa ulinganisho kwa kila kiambato, au angalau pima kwenye mawimbi mawili.

Mchanganyiko umekuwa mweusi na kianzio kiko palepale

Weusi huo ni paladi iliyoachwa bila ligandi ikajikusanya. Swali ni ligandi imekwenda wapi, na jibu la kawaida ni oksijeni. Hesabu yenyewe inafaa kufanywa polepole.

Chukua chupa ya mililita 4 yenye mililita 1 ya mmenyuko. Nukleosidi ina mkolezo wa milimola 20 kwa lita, yaani mikromoli 20 katika mililita hiyo. Paladi ni asilimia 5, yaani mikromoli 1. TPPTS ni mara mbili na nusu ya paladi: mikromoli 2.5. Asetati ya paladi inaingia ikiwa paladi(II), na fosfini ndiyo inayoishusha kuwa paladi(0), huku yenyewe ikigeuka oksidi ya fosfini. Mikromoli moja ya fosfini imekwisha hapo, kabla hata kazi haijaanza. Imebaki 1.5.

Sasa oksijeni. Maji yaliyokaa hewani kwenye joto la chumba yana takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Katika mililita yako moja hiyo ni kama robo ya mikromoli. Lakini juu ya kimiminika kuna mililita 3 za hewa, na humo mna oksijeni mikromoli 26 hivi, kila molekuli ikiwa na uwezo wa kuoksidisha fosfini mbili. Fosfini yako ni 1.5. Aliyepuliza agoni ndani ya maji kwa bidii kisha akafungua kizibo kuongeza unga wa mwisho amerudisha karibu oksijeni yote aliyokuwa ameifukuza.

Kwa hiyo weka vyote vilivyo vikavu ndani ya chupa kwanza, funga kwa kizibo cha mpira, vuta ombwe na jaza agoni mara tatu, kisha ingiza vimiminika kwa sindano. Maji na asetonitraili viondolewe hewa kila kimoja peke yake, kwa sababu ukipuliza gesi kwenye mchanganyiko, asetonitraili hutangulia kuruka na uwiano unabadilika bila wewe kujua. Tumia chupa ndogo iliyojaa, isiwe kubwa yenye nafasi tupu.

Ukitaka uthibitisho, NMR ya fosforasi, kipimo cha sumaku kinachozitofautisha atomi kwa mazingira yake, inatosha. TPPTS inaonekana karibu na −5 ppm, oksidi yake karibu na +34. Pima chupa ya TPPTS yenyewe pia: imekaa rafuni, imefunguliwa mara nyingi, na huenda sehemu kubwa ya ulichopima kwenye mizani ni oksidi tangu mwanzo.

Kama fosfini ni nzima na weusi bado unatokea, punguza joto kwa nyuzi 10 au 20, au ongeza TPPTS mpaka tatu au nne kwa kila paladi. Usipitilize sana: fosfini nyingi mno inaibana paladi na mmenyuko unapungua kasi.

Mchanganyiko ni wa njano safi, hakuna weusi, na bado hakuna kilichotokea

Hapa ndipo nukleosidi inapokuwa mshukiwa wa kwanza, na hapa ndipo jaribio la chupa tatu linapookoa wiki nzima.

Kwenye chupa ya kwanza weka asidi ya 4-iodobenzoiki badala ya nukleosidi yako. Inayeyuka vizuri kwenye maji yenye kaboneti, na kuungana kwake na asidi ya boroniki si kazi ngumu. Kwenye chupa ya pili weka asidi hiyohiyo pamoja na deoksiguanosini isiyo na halojeni, kiasi sawa. Kwenye ya tatu weka thimidini badala ya deoksiguanosini. Vingine vyote viwe vilevile.

Zikigoma zote tatu, kichocheo chako ni kibovu, au asidi ya boroniki ndiyo mbovu. Nukleosidi haina hatia. Ya kwanza ikienda na ya pili ikagoma, guanini imeishika paladi. Ya tatu nayo ikisuasua, tatizo linahusu hali ya alkali kwa jumla. Zikienda zote tatu, basi kasoro iko kwenye kianzio chako chenye halojeni: hakijayeyuka, hakijasafishwa, au halojeni yake ni ngumu kuondoka. Katika hali hizi iodini huondoka upesi kuliko bromini, na klorini kwenye kaboni ya 5 ya urasili karibu haiguswi.

Guanini inaishika paladi kwa njia mbili. N7, naitrojeni namba 7 ya pete, iko wazi wakati wote. N1 inaingia kazini pale inapopoteza protoni, na pKa yake (pH ambayo nusu yake imepoteza protoni) kwenye guanosini ni karibu 9.2. Kaboneti ya sodiamu inaipeleka pH juu ya 11, kwa hiyo karibu guanini yote iko kama anioni, na anioni hushika metali kwa nguvu zaidi. Ukishuka hadi pH 8.2 kwa bufa ya fosfati, ni guanini moja tu kati ya kumi na moja iliyobaki anioni. Lakini kila kitu kina gharama yake: asidi ya fenilboroniki ina pKa karibu 8.8, na kwenye pH 8.2 ni kama sehemu moja tu kati ya tano iliyo katika umbo la boroneti, anioni yake. Kwa hiyo usishuke ovyo. Mimi ningejaribu pH 8.5 hadi 9 kwanza, nikiongeza muda, kabla ya kugusa ligandi.

Jambo linalosaidia bila gharama yoyote ni mpangilio wa kuchanganya. Paladi na TPPTS zikutane kwanza kwenye maji yasiyo na hewa, zikae dakika kadhaa mpaka kimiminika kiwe angavu, ndipo nukleosidi iingie. Ukimwaga asetati ya paladi juu ya guanosini kisha ukaongeza fosfini, umeipa guanini nafasi ya kwanza. Njia nyingine ni kuiingiza nukleosidi kidogo kidogo, ili isiwe nyingi mno mbele ya paladi.

Na hakikisha kweli imeyeyuka. Viasili vya guanini vyenye bromini ni vigumu kuyeyuka kwenye maji baridi. Tope jeupe chini ya kisumaku maana yake paladi inafanya kazi na sehemu ndogo tu ya ulichopima. Asetonitraili theluthi moja husaidia, joto nalo husaidia. Kwa guanosini ya ribosi kuna jambo la ziada: ikikutana na boreti na ioni za potasiamu huweza kugeuka jeli, kwa sababu guanini hujipanga nne nne kuizunguka potasiamu huku boreti ikizifunga ribosi. Ukiona kisumaku kimekwama, tumia chumvi za sodiamu au lithiamu badala ya potasiamu.

Iwapo fosfini inaendelea kukusumbua, ipo njia isiyoihitaji kabisa. Chalker, Wood na Davis, Oxford, walitoa mwaka 2009 kichocheo cha paladi kilichoshikwa na 2-amino-4,6-dihidroksipirimidini, kinachofanya kazi kwenye pH 8 na nyuzi 37. Kiliundwa kwa ajili ya protini, kisha kikatumika kwa DNA yenye iododeoksiuridini. Kwa molekuli dhaifu zisizovumilia nyuzi 80, ningeanzia hapo.

Halojeni imeondoka, lakini hakuna kilichoingia

Kilele cha 268 kwa deoksiguanosini, au 229 kwa deoksiuridini, kikikua pamoja na zao, ina maana paladi iliingia kati ya kaboni na halojeni, ikamsubiri mwenzi (asidi ya boroniki), mwenzi asifike, ikachukua haidrojeni. Sababu ni mbili tu: mwenzi anachelewa, au haidrojeni iko karibu mno.

Haidrojeni hutoka kwenye trietilamini, kwenye alkoholi, na kwenye formeti inayotokana na kiyeyusho cha DMF kilichovunjika kwa joto na alkali. Kama uliongeza ethanoli ili kuyeyusha, ondoa uweke asetonitraili. Kama alkali yako ni amini, weka kaboneti au fosfati. Mwenzi anayechelewa nitamshughulikia sehemu inayofuata.

Ukitaka kujua kama haidrojeni inatoka kwenye maji, fanya mmenyuko ndani ya maji mazito uone kama deoksiuridini imeongezeka uzito kwa 1. Weka pembeni chupa ya deoksiuridini tupu katika hali ileile ili uone kama inabadilishana yenyewe. Kwa purini (besi za pete mbili kama guanini) jaribio hili halina thamani: haidrojeni ya kaboni ya 8 hubadilishana na maji mazito kwa joto bila msaada wa paladi.

Kilele cha 284 ni hadithi nyingine. Hapo alkali yako ni kali mno. Haidroksidi ya sodiamu haina kazi hapa. Vivyo hivyo 6-kloropurini yenye ribosi, ambayo kwenye maji yenye alkali hugeuka inosini: 287 inashuka kuwa 269. Kwa kloropurini usitumie kaboneti ya moto ikiwa una njia nyingine.

Asidi ya boroniki imeisha kabla ya nukleosidi

Asidi ya boroniki ndani ya maji yenye alkali inaweza kupoteza boroni yake na kubaki na haidrojeni. Kwa fenili ya kawaida mwendo ni wa polepole. Kwa 2-furili, 2-thienili na 2-piridili ni wa haraka, na kwa fenili zenye florini nyingi ni wa haraka zaidi. Ubaya wake ni kwamba mabaki huwa hayaonekani: benzini, furani na thiofeni huruka hewani, nawe unabaki na HPLC isiyoonyesha chochote ila kianzio. Kwa hiyo jaribu mara moja kwa asidi ya 4-methoksifenilboroniki. Mabaki yake, anisoli, yanakaa kwenye kimiminika na yanafyonza urujuanimno.

Ukiona bifenili, oksijeni imeingia. Ukiona fenoli, oksijeni imeingia au kuna peroksidi kwenye kiyeyusho.

Dawa yake: ongeza asidi kwa mafungu, nusu mwanzoni na nusu baada ya saa moja, shusha joto, au badilisha umbo. Chumvi za trifloroboreti na esta za MIDA hutoa asidi ya boroniki kidogo kidogo, na kwa 2-furili tofauti inaonekana wazi. Kumbuka pia kwamba asidi ya boroniki iliyokauka hujiunga tatu tatu kwa kupoteza maji, kwa hiyo uzito kwenye mizani hauelezi sawasawa una moli ngapi. Kuweka 1.5 badala ya 1.1 kunafunika tofauti hiyo.

Sukari imekatika

Deoksinukleosidi za purini ndizo dhaifu. Asidi inaiongezea N7 protoni, kifungo cha glikosidi kinavunjika, na pete ya arili kwenye kaboni ya 8 inaharakisha mambo. Pirimidini, besi za pete moja kama urasili, ni ngumu zaidi, na ribosi inavumilia kuliko deoksiribosi.

Ajabu ni kwamba mmenyuko wenyewe, ukiwa na alkali, mara nyingi hauna lawama. Sukari hukatika baadaye, mikononi mwa anayesafisha. Mtu anamimina asidi hidrokloriki kwenye kaboneti ya moto, povu linafoka, na pale tone linapoanguka pH inakuwa 1 kwa sekunde chache. Tumia asidi asetiki iliyopunguzwa nguvu au fosfati ya monosodiamu, kwa matone, mchanganyiko ukiwa umepoa, na simama kwenye pH 7.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye HPLC. Kimiminika chenye asilimia 0.1 ya asidi trifloroasetiki hakidhuru kwa dakika ishirini za safari. Lakini ukikusanya mililita 40 na kuzivukiza, maji na asetonitraili hutangulia kwenda, asidi inabaki nyuma na kukolea, na mililita ya mwisho inakuwa asidi kali ya vuguvugu. Asubuhi unakuta unga mweupe mzuri usio na sukari. Tumia bikaboneti ya amonia au asetati ya trietilamonia kwenye pH 7, au gandisha na ukaushe kwenye ombwe.

Fenilguanini iliyopoteza sukari haiyeyuki kwa urahisi, kwa hiyo hujitenga vizuri chupa inapopoa na watu huichuja wakidhani ndiyo zao. Kwenye NMR angalia karibu na 6: kama protoni ya kaboni 1′ haipo, na sukari haipo.

Sonogashira: uzito ni sahihi, kitu si chenyewe

Sonogashira ni kuunganisha alkini, molekuli yenye kifungo cha mara tatu cha kaboni, kwa paladi na mara nyingi shaba. Hapa ndipo penye tatizo linalodanganya kuliko yote. Umeunganisha alkini kwenye kaboni ya 5 ya deoksiuridini, spektromita inakuonyesha uzito uleule uliotarajia, na HPLC ina kilele kimoja. Kisha hatua inayofuata inakataa.

Oksijeni ya kaboni ya 4 imeishambulia alkini, pete imejifunga, na umepata furopirimidini. Ni isoma, kwa hiyo uzito haubadiliki hata kidogo. Chukua sampuli uiangazie taa ya urujuanimno ya nanomita 365: furopirimidini hung'aa buluu, na ufyonzaji wake umesogea kuelekea 330. Kwenye NMR ndani ya DMSO, protoni ya N3 inayokaa karibu na 11.6 haipo tena, na mstari mmoja mpya umetokea karibu na 6.5 kwa protoni ya pete ya furani. Usitegemee mng'ao peke yake. Baadhi ya alkini zenye pete za aromati hung'aa zenyewe.

Anayesukuma kujifunga huko ni shaba(I), joto na alkali, vikiwa pamoja kwa muda mrefu. Punguza shaba uwezavyo, ikiwezekana iwe chini ya paladi, fanya kazi kwenye joto la chumba, na simamisha mmenyuko kianzio kinapoisha badala ya kuuacha usiku kucha. Kama alkini yako inaruhusu, jaribu bila shaba kabisa. Na usivukize mchanganyiko mbichi kwa joto huku shaba na amini vikiwa bado ndani. Toa shaba kwanza kwa EDTA, inayokamata metali.

Heck: zao limepungua 14

Bergstrom na Ruth waliunganisha alkeni na nukleosidi zenye zebaki kwa paladi mwaka 1976, na njia ya Heck, ya kuunganisha alkeni kwa paladi, bado hutumika kuelekea brivudini, dawa ya virusi. Ukitumia akrileti ya methili ndani ya maji yenye kaboneti ya moto, esta inahaidrolisishwa na unapata asidi. Kama lengo ni brivudini, hujapoteza kitu, maana asidi hiyo ndiyo inayohitajika. Kama unaitaka esta, tumia asetati ya sodiamu na punguza maji.

Shaba na triazoli

Triazoli ni pete inayozaliwa azidi na alkini zinapoungana kwa msaada wa shaba(I). Kimiminika cha shaba(II) ni cha buluu hafifu. Ukiongeza askobati ya sodiamu rangi hiyo inapaswa kutoweka au kugeuka njano hafifu. Ikirudi kuwa ya buluu au kijani baada ya muda, oksijeni imeimaliza askobati na shaba(I) imepotea. Askobati iandaliwe siku hiyohiyo. Ikiwa imeanza kuwa ya kahawia, imwage.

Mashapo ya njano yenye nyuzinyuzi ni asetilidi ya shaba: alkini yako, tuseme 5-ethinili-deoksiuridini, imekutana na shaba kabla ya azidi au bila ligandi. Changanya shaba na THPTA kwanza, ligandi tano kwa shaba moja, kisha azidi na alkini, na askobati mwisho kabisa. Kilele cha 503 ni 5-ethinili-deoksiuridini mbili zilizoungana vichwa. Hiyo ni oksijeni tena. Bufa ya Tris hushika shaba, na kloridi nyingi hushindana na ligandi.

Kosa la mfuatano ni la kuangalia sana. Anayefanya Suzuki (muungano na asidi ya boroniki) kwanza na triazoli baadaye bila kusafisha katikati anaipeleka TPPTS iliyobaki moja kwa moja kwenye azidi. Fosfini huigeuza azidi kuwa amini, naitrojeni inatoka kama vipovu, na hakuna shaba itakayoirudisha. Safisha katikati, au oksidisha fosfini makusudi kabla ya kuendelea.

Azidi ndogo zenye kaboni chache hulipuka, na azidi ya sodiamu ikikutana na asidi hutoa gesi ya sumu. Usiichanganye na diklorometheni, wala usiimwage kwenye bomba la metali.

Trifosfati

Kundi la Michal Hocek huko Prague limeonyesha kwamba nukleosidi trifosfati zenye halojeni zinaweza kuunganishwa moja kwa moja ndani ya maji kwa paladi na TPPTS. Inawezekana, lakini kila dakika ya joto inakata fosfati. Ukiona uzito umepungua 80, kisha 160, fupisha muda badala ya kuongeza kichocheo. Hapa ningetumia paladi nyingi kwa dakika chache kuliko paladi kidogo kwa saa kadhaa.

Zao lipo, lakini halijulikani ni zao

Unga wa kijivu una paladi. Silika yenye thioli huiondoa. Mkaa pia huiondoa, ila humeza na nukleosidi, hasa purini, na mavuno yanapotea ndani yake. TPPTS na oksidi yake hutoka mwanzoni kabisa kwenye safu ya C18, inayoshika zaidi vitu visivyopenda maji, kwa hiyo osha kwa maji matupu kwanza, kisha panda polepole na methanoli.

Zao la ribosi linaweza kutoka kwenye safu kama kilele kipana chenye mkia kwa sababu asidi ya boroniki iliyobaki imeshika haidroksili za 2′ na 3′. Asidi kidogo kwenye kimiminika cha HPLC huachanisha. Kwa ribosi hilo linavumilika kuliko kwa deoksiribosi.

NMR yenye mistari minene isiyosomeka baada ya triazoli inaonyesha shaba(II) iliyobaki. Pitisha kwenye resini inayokamata metali au osha kwa EDTA, kisha pima upya kabla ya kuamua kwamba mmenyuko umeharibika.

Na ukiona protoni ya 2′ ya deoksiguanosini yenye arili imehama kutoka karibu 2.5 hadi karibu 3.2, usihangaike kutafuta isoma. Kundi kwenye kaboni ya 8 limeigeuza besi ikaelekea upande wa sukari, umbo la sini, na protoni hiyo imejikuta karibu na N3. Kwa purini zenye kundi kubwa hapo, huko ndiko inakotarajiwa kuwa.